Kamera Kwenye Paji la Nyabate

Katika shamba lile la chai linaloteremka kutoka upande wa Mogogosiek hadi mtoni, hakuna aliyehitaji kununua gazeti. Walikuwa na Nyabate. Mama huyo alikuwa anafika kwenye mstari wake saa moja kasoro asubuhi, aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni, kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa, kwenye sikio la kushoto, waya mmoja wa redio ya simu. Sikio la kulia lilikuwa la wenzake. Kabla umande haujakauka, mstari mzima ulikuwa umeshajua ni kampuni gani ya ng'ambo imefuta watu elfu ngapi, ni simu gani mpya inayokunjwa kama leso, na ni profesa gani amesema kompyuta itaanza kuandika mahubiri.

Mtu asiyemjua angedhani ni mama wa porojo tu. Kumbe mikono yake haikupumzika hata mdomo ukiwa mbioni. Alichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili kwa wakati mmoja, na ikijaa aliyatupa majani juu ya bega bila kuangalia yakatua kikapuni. Ungeelezwa kilo alizopima kwa siku ungesema watu wanatia chumvi. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, tangu alipokuja kutoka Nyamusi akiwa msichana aliyeacha shule darasa la saba. Mumewe, Masese, alibaki kwao na migomba na ng'ombe mmoja mkorofi, na walionana Pasaka na Krismasi.

Habari za teknolojia alizipenda kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwenye mambo mengine yote, waliosoma walikuwa mbele yake. Lakini kwenye hii AI, hata wenye digrii walikuwa wanashangaa kama yeye. Wote walikuwa wameanza darasa la kwanza siku moja, na Nyabate hakutaka kuwa wa mwisho darasani tena.

Mstari wa kulia kwake alichuma Metrine, mama wa miaka hamsini na tisa kutoka Vihiga, ambaye shambani kila mtu alimwita Mama Joan kwa jina la binti yake. Yeye alimwita Nyabate Mama Nyakundi, kwa jina la kifungua mimba wake. Metrine ndiye aliyemfundisha Nyabate kazi. Ndiye aliyempokea siku ya kwanza akampa blanketi. Sasa vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, asubuhi havikunjiki, na mkono wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine, ulioazimwa. Alibakiza miezi minane tu astaafu. Akimaliza miezi hiyo angepewa kiinua mgongo chake na kurudi Vihiga kwa heshima. Asipofikisha kilo zilizowekwa kwa siku, angeandikiwa barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha angetolewa kazini na kwenye nyumba ya kambi mikono mitupu. Ndio maana alikuwa anajaziwa.

Kujaziwa ni jambo ambalo halikuandikwa popote, na ukimuuliza bosi atakwambia halipo. Ukiona mwenzako amelemewa, majani uliyopaswa kuyatupa mgongoni mwako unayatupa mgongoni mwake. Huongei. Unatupa, unaendelea. Mwenye mimba hujaziwa, aliyefiwa hujaziwa, na mgeni hujaziwa mpaka vidole vizoee. Hakuna anayeshukuru, kwa kuwa kila mmoja anajua zamu yake itafika. Nyabate alikuwa amemjazia Metrine mwaka mzima na zaidi, kimyakimya, kila siku ya kazi, na bado akaongoza kwenye mzani.

Jioni moja ya mwezi wa pili mvua ya mawe iliwafungia wote kwenye hoteli ya Wangeci, pale nje ya geti la shamba. Wangeci ni mama mnene mchangamfu ambaye baba yake alihamia huku kutoka Nyandarua, na chai yake ni nzito kuliko ya nyumba nyingi. Mabati yalikuwa yanapiga kelele, kwa hiyo watu waliongea kwa kufokeana.

"Hii simu inanisikiza, nawaambia!" Wangeci alisema, akionyesha simu kwa mwiko. "Juzi nimeongea na customer maneno ya gesi. Kufungua hivi, ni tangazo ya gesi tupu. Siku hizi nikitaka kusengenya mtu, naiweka ndani ya debe ya unga nafunika."

Watu walicheka. Hezekiah, supavaiza wa sehemu yao, Mkipsigis mpole wa kutoka Ndanai, hakucheka sana.

"Yako inatafuta tu kukuuzia gesi," alisema. "Wale wa Nairobi wenye digrii wanaamka asubuhi, wanafungua laptop, password imekataa. Amefutwa. Hata hajaambiwa pole. Sasa kama wale wanafanyiwa hivyo, mimi na nyinyi ni nani?"

"Lakini si mashine ndio inafanya kazi ngumu, mtu apumzike?" Nyabate alidakia.

"Mama Nyakundi," Metrine alisema polepole, kikombe akikishika kwa viganja vyote viwili kwa kuwa vidole vilikuwa vimegoma. "Ile mashine ya kuchuma walisema inakuja kutusaidia. Kambi ya chini kulikuwa na milango ishirini inatoa moshi. Nenda uhesabu leo."

"Ile ni mashine ya petroli, Mama Joan! Ile ni ya kitambo. Hii AI ni kitu ingine. Hii inajifunza kwa mtu. Na kama inajifunza kwa mtu, huyo mtu ni mwalimu. Sasa wewe umeona wapi mwalimu akifukuzwa na mwanafunzi?"

Metrine alimwangalia, akapuliza chai yake, akanywa. Nyabate alihesabu kwamba ameshinda.

Wiki mbili baadaye Hezekiah alikuja mstarini na kijana wa Nairobi aliyeitwa Ndung'u, viatu vyake vyeupe vimeshaharibika kwa matope. Alikuwa na adabu, akasalimia akina mama mmoja mmoja. Kisha akatoa mkanda wa kichwani uliokuwa na kamera ndogo, haizidi kifuniko cha chupa ya soda, yenye taa nyekundu ya kuwakawaka.

"Tunatafuta mchumaji bora, avae hii wiki tatu," alisema. "Kompyuta iangalie vile mikono inafanya kazi. Mr. Hezekiah amesema bora ni wewe, mama."

Kichwa cha Nyabate kilivimba, na nani angemlaumu? Miaka ishirini na sita hakuna mtu aliyewahi kutoka Nairobi kuja kuangalia mikono yake. Hata hivyo hakuwa mjinga. Redio ilikuwa imemfundisha maswali.

"Na sura za watu?" aliuliza. "Nimesikia kuna sheria ya data."

Ndung'u alitabasamu kwa heshima mpya. "Umeuliza vizuri sana. Kila sura inafunikwa na kompyuta yenyewe. Hata mimi siwezi kuiona. Hao wengine hawatuhusu, mama. Ni mikono yako tu."

Alikuwa anasema kweli, kwa kadiri alivyojua. Nyabate akatia sahihi.

Siku hiyo walipokuwa wanateremka kuelekea kambini, Metrine alimshika kiwiko.

"Hizi wiki tatu usinijazie. Nitajikaza."

"Utajikaza na mkono gani, Mama Joan?"

"Na huu huu. Mimi hiyo kitu naogopa. Jicho ambalo halifungi si jicho ya kuamini."

Nyabate alicheka, na baadaye alikuja kukichukia kicheko hicho kuliko dhambi zake zote. Akamweleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Sura inafunikwa. Mashine haijui jina la mtu. Inatafuta mikono tu, mikono ya Nyabate, vile kidole kinavunja na kiganja kinapokea. "Wewe hapo utakuwa kama ukungu," alimwambia. "Mimi nafuatilia haya mambo kila siku. Nikikwambia usiogope, usiogope." Metrine, ambaye katika maisha yake hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza mambo ya kompyuta, alikubali.

Siku za kwanza Nyabate aliisikia kamera pajini kama inzi asiyeondoka. Alinyoosha shingo, alichuma kwa madaha, hata alipunguza maneno. Lakini kazi ni kazi, na siku ya nne alikuwa ameisahau. Taa nyekundu iliwaka pasipo yeye kuiona, kwa kuwa ilikuwa juu ya macho yake. Wenzake waliiona. Elmina, msichana wa Kisii aliyeolewa majuzi na aliyekuwa anachuma nyuma yao, alisema akimtazama Nyabate usoni siku hizo anajikuta anaitazama taa badala ya macho, na hajui anaongea na nani. Waimbaji wa mstari wa juu wakaacha kuimba, hakuna aliyewaambia waache. Majani ya chai yalikuwa yanang'aa baada ya mvua, kazi ilikuwa inaenda vizuri, na bado watu walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini kama walio karibu na mgonjwa.

Nyabate aliendelea kumjazia Metrine. Kila baada ya muda mfupi aligeuka kumwangalia. Mama amepumua? Mkono unaenda? Akiona amebaki nyuma alitupa majani upande wa kulia, akaendelea. Kwa wiki tatu Metrine hakukosa kilo hata siku moja. Ndung'u alikuja kuichukua kamera yake, akashukuru, akampa Nyabate kofia yenye nembo. Hezekiah akasema kongoi, asante ya Kikipsigis, kwa niaba ya shamba. Nyabate alimgeukia Metrine na uso wa mtu anayesema, si nilikwambia?

Mwezi wa tatu ukapita. Mwezi wa nne mvua ikakaza, majani yakawa mengi, na siku ya Jumatano Hezekiah alikuja mstarini akamwambia Nyabate aache kikapu, anaitwa ofisini. Hakumtazama machoni. Njia nzima hakuuliza habari za redio, yeye ambaye hupenda kuziuliza.

Ofisini kulikuwa na mama kijana nadhifu kutoka makao makuu, jina lake Sally. Alimkaribisha Nyabate kiti, akamwagizia chai, akamgeuzia kompyuta. Hapo Nyabate akajiona, au tuseme akaona alichokuwa amekiona. Mikono yake. Majani ya kijani, yaliyolingana kama meza, yakipita chini. Alisikia pumzi zake mwenyewe na wimbo wa kanisa aliokuwa anauimba puani bila kujua. Juu ya kila kidole kulikuwa na nukta ya rangi iliyoruka nacho kila kilipoenda.

"Ni kazi nzuri sana, mama," Sally alisema. "Watu wetu wamefurahi mno. Lakini kompyuta ilikuwa na swali. Ilisema mikono hii, kwa hii speed, inafaa kupima kilo nyingi kuliko zile ziko kwa mzani. Tukaiuliza, hizo zingine zinaenda wapi?"

Akabonyeza. Picha ikageuka kulia kwa ghafla, kama kichwa kinavyogeuka. Pale alikuwa Metrine, ameinama. Sura yake ilikuwa imefunikwa kweli, wingu la kijivu mahali pa uso, vile Ndung'u alivyoahidi. Lakini kikapu hakikufunikwa. Na kwenye kikapu, kwa rangi nyekundu na kwa tarakimu kubwa kama za mlango wa duka, kulikuwa na arobaini na moja.

Akina mama wenyewe ndio waliozipaka namba hizo. Vikapu vyote vinafanana, na miaka ya nyuma vilikuwa vinachanganywa na kugombaniwa kwenye mzani, basi wakanunua rangi mkebe mmoja, kila kikapu kikaandikwa namba ya kadi ya mwenyewe. Nyabate ndiye aliyewaandikia, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Katika maelezo yake yote kuhusu sura na sheria na data, kikapu hakikumpitia akilini hata mara moja.

"Niandikieni mimi barua," alisema. "Ni mimi nilitupa. Yeye alikataa. Mungu anajua alikataa."

"Wewe hukuiba, mama. Ulitoa yako. Yeye ndiye amepimiwa kilo si zake." Sally alisema hivyo bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kompyuta imerudi kwa kumbukumbu za mzani za hiyo mistari yenu miwili, ikaangalia mpaka mwaka uliopita. Ni udanganyifu wa uzito. Hiyo haina barua ya kwanza wala ya pili. Anaondoka Jumamosi, na kiinua mgongo hakuna."

"Amebakiza miezi sita."

"Najua. Pole."

Nyabate aliangalia chai yake iliyokuwa inaota utando. Sally akafungua ukurasa mwingine, uso ukachangamka.

"Sasa, kuna habari njema yako. Kuanzia mwezi ujao, kiwango cha shamba ni mikono yako. Kompyuta imetoa hizo dakika za kugeuka-geuka, ikabaki kazi tupu. Kila mtu atapimwa na hiyo. Unaona? Mara mia nne na kumi na mbili uligeuka kumwangalia huyo mama. Ukiacha kugeuka, hata wewe mwenyewe utashangaa vile utachuma."

Nyabate akatoka nje. Hezekiah alikuwa amesimama kwenye baraza, kofia mkononi.

"Mama Nyakundi, mimi nilikuwa najua mnajaziana," alisema. "Supavaiza wote wanajua. Aliyenifundisha kazi alikuwa anajua. Lakini sasa nani angeiandika hiyo kitu? Mtu hawezi kuandika hiyo." Macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba hata kazi yake ya kuzunguka mistarini hajui kama itafika Krismasi.

Jumamosi Joan alikuja kutoka Sotik na pikapu ya kukodi. Vitu vya miaka thelathini na mitatu vilijaa nusu ya pikapu tu. Nyabate alibeba godoro, akabeba sufuria, akafunga kamba zile ambazo vidole vya Metrine havikuweza kufunga. Watu wa kambi walisimama milangoni. Hakuna aliyemtukana Nyabate, lakini hakuna aliyemsogelea pia, na walipokuwa wanamuaga Metrine waliongea wakiwa wamempa Nyabate mgongo. Walikuwa wamesikia habari za kiwango kipya. Kila mama pale alikuwa ameshapiga hesabu ya mikono yake dhidi ya mikono ile.

Vitu vilipokwisha Metrine aliketi kwenye ngazi ya mlango uliokuwa wake.

"Nataka unieleze kitu moja," alisema. "Wewe ndio unajua haya mambo. Hiyo kamera ilikuwa inaangalia mikono yako. Mimi nilikuwa pembeni. Iliniona namna gani?"

Nyabate angeweza kudanganya. Angesema mashine za siku hizi zinaona pande zote, na Metrine angeamini, kama alivyoamini lile la kwanza. Alishika ukuta.

"Haikukuona yenyewe, Mama Joan. Ilikuwa kwa kichwa yangu. Mimi ndio nilikuwa nakugeukia. Kila saa nilikuwa naangalia kama umechoka. Vile nilikuwa nakuangalia ndio iliona."

Joan aliwasha gari.

"Mara ngapi?" Metrine aliuliza.

"Mia nne na kumi na mbili."

Mama mzee aliinuka kwa shida, akauweka mkono wake uliovimba kwenye shavu la Nyabate. "Hata mama yangu mzazi hakuniangalia hivyo," alisema. Akapanda gari, akaenda zake.

Nyabate alilia siku ile yote. Angetukanwa angepata nafuu.

Jumatatu asubuhi, mwezi mpya ulipoanza, kulikuwa na kamera kumi na mbili ndani ya sanduku. Hezekiah aliwagawia akina mama mmoja mmoja, na Nyabate pia, bila kuwatazama, na mstari ukaanza, taa nyekundu kumi na mbili kwenye ukungu. Waya wa redio ulikuwa mfukoni mwa Nyabate, na hakuna aliyemuuliza habari. Mikono iliondoka kwa mwendo wake, haraka kuliko ya mtu yeyote, na nyuma yake alisikia wenzake wakihangaika kuufikia. Ilipofika saa nne alisikia pumzi za Elmina zikikatika. Msichana alikuwa na mimba ya miezi saba. Kikapu chake kiligonga kwenye vichaka, kikanyamaza, kikagonga tena. Kisha akaita kwa sauti ndogo, mara moja tu, "Mama Nyakundi."

Shingo ya Nyabate ilikaza mpaka ikauma. Hakugeuka.